Kubadilishiwa bega: mwongozo wa mtu wa Kigoma kuchagua nchi na kujiandaa kurudi nyumbani

Mpasuaji wa Dar es Salaam, wa Chennai na wa London wakikutana, watabishana kidogo tu kuhusu namna ya kulifungua bega. Mkato wa sentimita 10 hadi 15 unapita mbele, kati ya msuli wa bega na msuli wa kifua. Kichwa cha mfupa wa mkono kilichoharibika kinakatwa, chuma na plastiki vinawekwa, na kwa kawaida ndani ya saa 2 hivi kazi imekwisha. Tofauti kubwa za nchi na nchi ziko kabla na baada ya hapo: utawekewa bega la aina gani, utalazwa siku ngapi, nani atakufanyisha mazoezi, nani anatunza kumbukumbu za chuma ulichobeba mwilini, na likiharibika nani atalifungua tena. Kwa anayeishi Ujiji, Kasulu au Uvinza, hilo la mwisho ndilo la kuulizwa kwanza.

Anza na picha, tena picha kamili

Eksirei moja ya mbele haitoshi. Omba tatu: ya mbele ikiwa imepigwa sambamba na kiungo, ya pembeni inayoonyesha bapa la bega, na ya kwapani. Hiyo ya kwapani ndiyo husahaulika mara nyingi, na ndiyo inayoonyesha kama kichwa cha mfupa kimeteleza kwenda nyuma. Hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora, ndiyo pa kuanzia, kwa sababu barua ya rufaa nayo itatoka huko.

Hatua inayofuata ni CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mfupa kwa vipande, ambayo mara nyingi utaipata kwenye hospitali kubwa zaidi. Hii hupima mfupa uliobaki kwenye kikombe cha bega, yaani sehemu ya bapa inayopokea kichwa cha mfupa wa mkono, maana kikombe kikiwa kimelika sana, skrubu hazina pa kushika. MRI au ultrasaundi huonyesha hali ya zile kano nne zinazozungusha bega.

Picha zote zichukue kwenye CD au flashi, katika faili halisi za mashine. Filamu iliyoshikwa dirishani ikapigwa picha kwa simu na kurushwa WhatsApp haifai kitu kwa anayetaka kupima pembe na unene wa mfupa. Wengi hutuma hiyo, hujibiwa “njoo tukuone”, halafu wakifika wanalipia CT upya.

Chanzo cha tatizo nacho kijulikane mapema, kwa sababu kinabadilisha maandalizi yote. Mwenye seli mundu, ambaye kichwa cha mfupa kimekufa kwa kukosa damu, anahitaji hospitali yenye damu ya kutosha na wataalamu wa usingizi wanaojua kumkinga na baridi, upungufu wa maji na upungufu wa oksijeni. Mwenye kifua kikuu cha mifupa amalize kwanza dawa na ithibitishwe amepona. Somo hili ni kongwe: bega la bandia la kwanza kuandikwa kwenye historia ya tiba, lililowekwa na Jules-Émile Péan mjini Paris mwaka 1893, alipewa mgonjwa wa kifua kikuu. Lilikuwa la platinamu na mpira, na baada ya miaka 2 hivi likabidi litolewe kwa sababu ya maambukizi.

Bega la aina gani?

Zipo aina tatu, na nchi hazizitumii kwa uwiano mmoja.

Bega la kawaida la bandia hufuata umbo la asili: mpira wa chuma upande wa mkono, kikombe cha plastiki upande wa bapa. Linahitaji kano zote nne ziwe nzima. Kano zikiwa zimekatika, mpira utapanda juu na kukitikisa kikombe mpaka kilegee.

Bega la kugeuza hupindua mpangilio huo: mpira unafungwa kwa skrubu kwenye bapa, kikombe kinakaa juu ya mfupa wa mkono. Hapo msuli mkubwa wa bega, ule wa umbo la pembetatu, unanyanyua mkono peke yake bila kuzitegemea kano. Aliyelisanifu hadi likafanya kazi ni Mfaransa Paul Grammont wa Dijon, mwaka 1985. Ulaya ililitumia kwa miaka mingi kabla Marekani haijaliruhusu mwaka 2003. Japani ilisubiri hadi 2014, na mwongozo wake wa mwanzo ulilenga watu wa miaka 70 na kuendelea, tena kwa madaktari wenye uzoefu uliothibitishwa tu. Leo Australia na Uingereza mabega mengi yanayowekwa ni ya aina hii.

Nusu bega hubadilisha upande wa mkono peke yake. Bei yake ni nafuu na vifaa vyake ni vichache, kwa hiyo hospitali isiyo na seti kamili inaweza kukupendekezea hiyo. Kabla hujakubali, uliza: “Mnanishauri hivi kwa sababu ya bega langu, au kwa sababu ya vifaa mlivyonavyo?” Nusu bega likigongana na kikombe cha asili kwa miaka, kikombe kinalika na maumivu yanarudi. Kulibadilisha baadaye kuwa la kugeuza ni kazi ngumu kuliko kuanza nalo.

Hata shina linaloingia ndani ya mfupa linategemea nchi. Bega lisilo na shina lilianza kutumika Ulaya mwaka 2004; Marekani la kwanza liliruhusiwa 2015. Faida yake ni kwamba mfupa mwingi unabaki kwa ajili ya operesheni ya baadaye, jambo la maana kwa mgonjwa wa miaka 45.

Kama unashauriwa la kugeuza, hakikisha ule msuli wa bega uko hai. Daktari akuguse ngozi ya nje ya bega kwa pamba, kisha akuambie usukume kiwiko nje dhidi ya mkono wake huku ameshika msuli kwa vidole. Ngozi ikiwa imekufa ganzi na msuli haukazi, neva imeumia. Bega la kugeuza bila msuli huo halinyanyui kitu, na litachomoka.

Nchi zinavyotofautiana

Marekani wagonjwa wengi huondoka siku hiyohiyo au kesho yake. Bima ya serikali kwa wazee iliacha mwaka 2021 kuihesabu operesheni hii kuwa ya lazima kulazwa. Ukiwa mgeni unayejilipia, elewa kwamba bili huja vipande vipande: hospitali yake, mpasuaji wake, mtaalamu wa usingizi wake. Dai bei moja ya jumla kwa maandishi.

Uingereza mkazi hatozwi hospitalini, ila foleni ni ndefu: lengo la NHS, huduma ya afya ya taifa, ni wiki 18 tangu rufaa, na wengi husubiri zaidi. Asiye mkazi hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya NHS, na kwa operesheni isiyo ya dharura hulipa kabla. Walichotuzidi ni daftari. Kila bega linalowekwa linaandikwa kwenye rejista ya taifa tangu 2012: aina yake, hospitali, mpasuaji, na kama lilifunguliwa tena. Australia na nchi za Skandinavia nazo zina rejista za namna hiyo. Faida yake inakufikia hata wewe wa Kigoma, kwa sababu ripoti hizo za kila mwaka ziko wazi mtandaoni. Hospitali ya nchi yoyote ikikutajia jina la bega, litafute humo uone limedumu vipi kwa miaka 5 au 10. Jina lisiloonekana popote, uliza kwa nini wamelichagua.

Ujerumani operesheni huunganishwa na kituo cha mazoezi: ukitoka hospitali unapelekwa kulala huko kwa wiki 3 hivi, gharama ikibebwa na bima au mfuko wa pensheni. Japani nako wagonjwa hulazwa muda mrefu na mazoezi hufanyika wodini. Ukisoma kwamba Wajerumani wanapata matokeo mazuri, kumbuka wiki hizo 3. Anayerudi kwa ndege siku ya nne hawezi kutegemea matokeo yaleyale bila kupanga mazoezi yake mwenyewe.

India ndiko Watanzania wengi hufikiria kwanza. Bei hutolewa kama kifurushi: siku kadhaa wodini, kisha hoteli au nyumba ya wageni karibu na hospitali hadi nyuzi zitolewe, siku ya 10 hadi 14. Viza ya matibabu huombwa kwa njia ya mtandao, kwa barua ya hospitali, na msindikizaji huomba ya kwake. Kuna jambo linalochanganya watu: India iliweka ukomo wa bei za magoti ya bandia mwaka 2017. Usichukulie kwamba bega limo humo; omba bei ya kipandikizi, yaani bega lenyewe la bandia, iandikwe peke yake.

Nyumbani, mlango mkuu ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Hospitali za kanda kama Bugando, KCMC na Benjamin Mkapa nazo zinafaa kupigiwa simu kabla ya kununua tiketi. Swali la kuuliza si “mnabadilisha viungo?”, kwa sababu jibu litakuja la nyonga na magoti. Uliza hivi: “Bega la kugeuza, seti na saizi zote zipo, au zinaagizwa? Zikiagizwa, zinafika baada ya muda gani, na nani analipia usafiri wa saizi zisizotumika?” Mwenye bima apate kibali kwa maandishi kinachotaja kipandikizi. Kibali cha “upasuaji” peke yake kinaweza kukuacha unalipia chuma mfukoni.

Maswali ya kumuuliza mpasuaji, popote alipo

Anaweka mabega mangapi kwa mwaka? Chini ya 10 ni machache. Mangapi ni ya kugeuza? Nikipata maambukizi ndani ya siku 90, gharama ni ya nani? Na la mwisho, ambalo wengi hulisahau: vifaa vya kulitoa bega hili vipo Tanzania? Kila kampuni ina bisibisi zake, mpira wake, njia yake ya kufunga. Bega la kampuni isiyo na wakala nchini likilegea, mpasuaji wa Dar es Salaam ataagiza vifaa kutoka nje au atakata mfupa kulitoa. Kati ya mabega mawili yaliyo sawa kwa ubora, chukua lile ambalo vifaa vyake vinapatikana karibu, hata kama lile jingine ni jipya zaidi.

Vibandiko vya kipandikizi ni mali yako. Kila kipande hutoka kwenye boksi lake na vibandiko vyenye namba ya bidhaa, namba ya toleo na saizi. Umoja wa Ulaya umelazimisha tangu 2021 mgonjwa apewe kadi ya kipandikizi. Kwingine, waombe siku moja kabla ya operesheni wakubandikie seti moja kwenye daftari lako. Ukisubiri siku ya kutoka, vibandiko vimeshatupwa.

Miezi 3 kabla

Usichomwe sindano ya steroidi kwenye bega hilo. Ikichomwa ndani ya miezi 3 kabla ya operesheni, hatari ya maambukizi hupanda. Usichanjwe chale wala kubandikwa dawa inayobabua ngozi. Jino bovu liondolewe au lizibwe. Sukari ishushwe, madaktari wengi hawafungui bega HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3 hivi, ikiwa juu ya asilimia 8. Tumbaku iachwe angalau wiki 6 kabla, ya kuvuta na ya kunusa, na hapa watu wa Tabora watuwie radhi. Dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba na za kupunguza uzito wa damu, zitajwe.

Bega lina bakteria wake, *Cutibacterium acnes*, anayeishi ndani ya vinyweleo vya kwapa na bega, mahali ambapo sabuni ya kawaida haifiki. Ndiyo maana hospitali nyingi humpa mgonjwa losheni ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5 kupaka kwa siku 2 au 3 kabla, juu ya kuoga kwa sabuni ya klorheksidini. Inababua nguo rangi, kwa hiyo vaa fulana chakavu. Usinyoe kwapa kwa wembe; vidonda vidogo vya wembe ni mlango. Bakteria huyu ni mpole: haleti homa kali wala usaha mwingi, bega linauma tu na kukakamaa miezi baada ya operesheni. Kipimo cha maabara kisifungwe siku ya 5. Kiachwe hadi siku ya 14, la sivyo jibu litakuja “hakuna kitu”.

Kurudi Kigoma

Baada ya operesheni utavaa mkanda wa kubebea mkono kwa wiki 4 hadi 6. Kanuni yenyewe ni moja: ukitazama chini, uone kiwiko chako. Kiwiko kikienda nyuma ya mwili, bega la kugeuza linaweza kuchomoka, na kwa bega la kawaida kano ya mbele iliyoshonwa inaweza kukatika.

Kwenye basi kaa dirishani upande wa mkono uliopasuliwa, ili wapitao na mizigo wasiugonge, na weka mto kati ya kiwiko na ubavu wa gari. Kwenye treni ya reli ya kati kata kitanda cha chini. Kulala chali tambarare kunauma. Inua mgongo kwa mito, na mto mwingine mdogo uwe chini ya kiwiko kisizame nyuma.

Vipeperushi vya Uingereza na Marekani vinaonya dhidi ya kuchomekea shati na kujisukuma kutoka kwenye sofa. Havitaji mambo yetu. Kutawaza ni la kwanza. Mkono wa kushoto unaopelekwa nyuma na ndani unafanya mwendo uleule unaochomoa bega la kugeuza, na hata baada ya kupona, wengi hubaki na uwezo mdogo wa kufikisha mkono mgongoni. Kama ni bega la kushoto, jifunze kabla ya operesheni kutumia mkono wa kulia au kujimwagia maji kutokea mbele. Mpasuaji wa Ulaya hatakuuliza hili; karatasi ya chooni haichagui mkono. Kama mabega yote mawili ni mabovu, mwambie, kwa maana pembe anayoweka kikombe inaathiri mwendo huo.

Choo cha kuchuchumaa: usiinuke kwa kusukuma sakafu. Pigilia mpini imara ukutani upande wa mkono mzima. Sala iwe kwenye kiti, kwa sababu kusujudu ni kuegemea mikono. Muulize mpasuaji kabla ya kurudi chini, na isiwe kabla ya miezi 3. Kwapa lioshwe kwa kuinama mbele na kuacha mkono uning'inie wenyewe, kisha likaushwe na kuwekwa kitambaa cha pamba, maana joto la ziwani na mkanda huleta vidonda vya jasho upesi.

Mazoezi hayahitaji mashine. Tangu siku ya kwanza: fumba na fumbua kiganja, zungusha kifundo, kunja na nyoosha kiwiko, kila saa uliyo macho. Kisha, kwa ruhusa, inama na acha mkono ubembee kama timazi, dakika 2 au 3, mara 4 kwa siku. Baada ya wiki 6, puli na kamba kwenye tawi la mwembe, mkono mzima ukivuta ule mwingine juu. Kukaza misuli kwa uzito kunangoja wiki ya 12. Mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya mkoa apewe karatasi ya mpasuaji yenye tarehe na vikomo vya mwendo wa mkono kwa digrii. Bila karatasi hiyo atakisia, na makosa ya kawaida ni kuupinda mkono nje mapema mno.

Baadaye, pima kazi kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Wapasuaji wengi humwekea mwenye bega la kugeuza ukomo wa kilo kati ya 5 na 10 kwa mkono huo, kwa hiyo madumu ya lita 5 yatakuwa rafiki zako. Kuvuta nyavu za dagaa, kutwanga na kupanda mti kutundika mzinga ni kazi za kumtajia mpasuaji kwa majina kabla hajachagua bega, kwa sababu “kazi nyepesi” kwake ni kompyuta.

Dalili za kurudi haraka

Kidonda kinachotoa majimaji baada ya siku ya 5. Kishindo cha ghafla na umbo la bega kubadilika: hilo limechomoka, fungeni mkono ulivyo kwa khanga, msimruhusu mtu yeyote alivute, pigeni eksirei. Maumivu mapya juu kabisa ya bega, kwenye ncha ya mfupa, miezi baada ya la kugeuza, yanaweza kuwa ufa wa mfupa huo unaovutwa na msuli. Mkono usiokaza kabisa siku 2 baada ya ganzi ya shingoni, ile sindano ya kufisha neva za mkono wakati wa operesheni, kwisha.

Homa ina mtego wake huku kwetu. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, watu hufunga kesi. Tibu malaria, lakini kidonda kifunguliwe kitazamwe siku hiyohiyo, na usikubali kuanzishiwa antibiotiki za vidonge “za kusafisha” kabla majimaji ya bega hayajachukuliwa kupelekwa maabara. Vidonge hivyo humficha yule bakteria mpole, na mpasuaji atafungua bega akiwa hajui anapigana na nani.

Eksirei za kulinganisha zipigwe wiki ya 6, mwezi wa 3 na mwaka wa kwanza, kwa mikao ileile mitatu, na ziingie kwenye flashi moja na za mwanzo. Daftari lenye vibandiko likae nayo mfuko mmoja, na nakala yake kwenye simu ya mtu mwingine wa nyumbani.